Kusini kwa Saa za Maji

Anayetoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa akitarajia kuiona bahari dirishani atasubiri sana. Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri: kote huko ni mikorosho, minazi, mihogo, na wauza korosho waliopanga mifuko yao kando ya lami. Bahari ipo kushoto kwako, lakini delta ya Rufiji imejitanda mbele yake na mikoko yake, msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki, na barabara ikalazimika kupita bara. Hata Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, linavuka mto tu. Bahari bado.

Kabla ya daraja hilo kufunguliwa mwaka 2003, magari yalivushwa Rufiji kwa pantoni, na mvua zikizidi, Lindi na Mtwara zilikatika na sehemu nyingine ya nchi. Hata Mei 2024, mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii eneo la Somanga, na mabasi yakakwama pande zote mbili. Nayataja haya kwa sababu yanaeleza kwa nini fukwe za kusini ziko jinsi zilivyo. Watu hawakuzifikia kwa urahisi, na hadi leo kila ufuko unadai uache barabara kuu na kukunja mashariki, Nangurukuru kwa ajili ya Kilwa, Mtwara mjini kwa ajili ya Msimbati, na njia ndogo za mchanga katikati ambazo nyingi hazina hata kibao. Mwenye kamera asilalamike. Ufuko unaofikiwa hivyo unaupata ukiwa na wenyeji wake na kazi zao, bila safu za viti vya kukodi.

Lakini kufika ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kufika maji yakiwa mahali unapoyataka.

Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini, kati ya saa kumi na mbili kasoro na saa kumi na mbili na nusu kulingana na mwezi wa mwaka, na linazama nyuma yako, kwenye minazi na vilima. Tena huku kusini mwa ikweta kwa nyuzi tisa au kumi hivi, jua halipandi kwa mshazari mrefu kama kule Ulaya ambako vitabu vingi vya upigaji picha vimeandikwa. Linapanda wima. Ule mwanga laini wa rangi ya asali ambao kila mpiga picha anautafuta haudumu. Ikifika saa mbili na nusu asubuhi umekwisha, vivuli vimekuwa vifupi na nyuso za watu zina weusi chini ya macho. Kwa hiyo wengi hufunga mabegi na kurudi kunywa chai. Huko ndiko wanakopoteza, maana bahari ina ratiba yake nyingine ambayo haifuati jua.

Wavuvi wa Kilwa hadi Msimbati huihesabu kwa mwezi wa angani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hupanda na kupwa kwa zaidi ya mita tatu, na kwenye fukwe zenye mwamba mpana bahari huondoka mpaka mawimbi yakawa mstari mweupe kule mbali. Mwezi ukiwa nusu, yaani mwezi saba na mwezi ishirini na mbili, ni maji mafu, na tofauti ya kupwa na kujaa huwa ndogo. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Ambalo mpiga picha mgeni halijui ni kwamba saa za bamvua na za maji mafu karibu hazibadiliki. Siku za bamvua kwenye pwani hii maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu ni kinyume: saa nne asubuhi yamejaa, saa kumi alasiri yamepwa. Kila siku inayopita inasogeza mambo mbele kwa dakika hamsini hivi, lakini mwezi ukirudi pale pale, bahari nayo inarudi pale pale.

Ukilishika hilo, picha zinajipanga zenyewe. Unataka ile samawati angavu inayowafanya watu waulize kama umeongeza rangi? Inahitaji mambo mawili kwa pamoja: jua la juu, ili mwanga uzame mpaka kwenye mchanga mweupe na kurudi, na maji ya kutosha juu ya mwamba. Hayo yanakutana siku za maji mafu, kati ya saa nne na saa sita mchana. Unataka mchanga uliolowa unaong'aa na kuakisi mawingu ya alfajiri? Nenda siku za bamvua, jua linapochomoza maji yakiwa yanapwa kwa kasi na kuacha utandu wa maji juu ya mchanga. Mchana mkali ambao tunaambiwa tuuogope ndio wakati wa rangi ya bahari. Funga kichujio cha kukata mng'ao mbele ya lenzi, kizungushe polepole mpaka ule weupe wa juu ya maji uondoke, na matumbawe yatatokea chini, kahawia na zambarau.

Kilwa Masoko ndipo nilipoanza kuamini hesabu hii. Kuna ghuba ndogo ya Jimbizi, karibu na mji, yenye mchanga laini na miti inayoinama, mahali pa kupumzika baada ya safari ya kilomita mia tatu. Ni pazuri, na picha yake unaipata bila jasho. Masoko Pwani, nje kidogo ya mji, ndiko kwenye uhai. Ngalawa hurudi asubuhi, tanga moja moja likitokea upande wa jua, na ukipiga kuelekea kwenye mwanga unapata umbo jeusi la tanga, mlingoti na mtu aliyesimama omoni akiwa na upondo. Ufukoni kina mama wanangoja na mabeseni na ndoo. Bei inaanza kutajwa kabla chombo hakijagusa mchanga. Dagaa wanamwagwa juu ya nyavu kuukuu kukauka, na ukichuchumaa usawa wa nyavu, fedha ya dagaa inajaza nusu ya fremu na bahari inajaza nusu nyingine.

Nina msimamo juu ya jambo hili. Picha ya ufuko mtupu, mnazi mmoja ulioinama na nyayo mbili mchangani, imepigwa vya kutosha na wauza hoteli wa dunia nzima, na ukiiangalia huwezi kujua kama ni Kilwa, Maldivi au Karibiani. Ufuko wa kusini ni mahali pa kazi. Hapa ndipo chombo kinapigwa kalafati, nyavu zinashonwa, samaki anauzwa, mtoto anajifunza kuogelea. Ukiwaondoa watu kwenye fremu ili ubaki na mchanga, umeondoa kilichokuleta.

Kisiwani kunafikiwa kwa mashua, baada ya kuchukua kibali pale Masoko. Watu huenda Kilwa Kisiwani kwa ajili ya historia, na ni haki yao: Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuuhesabu mji huu kati ya miji mizuri kuliko yote, Msikiti Mkuu ulianzwa karne ya 11, Husuni Kubwa, jumba la sultani, lilijengwa juu ya jabali lenye kutazama bahari na lina bwawa la pembe nane. Tangu mwaka 1981 magofu haya pamoja na ya Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia. Mimi nawashauri wenye kamera waende kwa ajili ya ufuko wake pia. Gereza, ile ngome ya Waomani iliyojengwa mahali Wareno walipokuwa na ngome yao ya mwaka 1505, limesimama ukingoni kabisa mwa maji, upande unaotazamana na bara. Kwa hiyo tofauti na karibu pwani yote, hapa jua la alasiri ndilo linalopiga usoni mwa jengo. Mawe ya matumbawe na chokaa, ambayo asubuhi ni ya kijivu tu, yanageuka rangi ya ngozi ya embe bivu.

Nenda siku za maji mafu, ufike alasiri maji yakiwa yamepwa. Mashua haitakufikisha mchangani. Utashuka na kutembea ndani ya maji, begi la kamera kichwani. Katika kutembea huko utaona vigae vya vyombo vya kale vimelala kati ya kombe na mawe, baadhi yake vipande vya kauri za China zilizoletwa na biashara ya dhahabu na pembe. Chuchumaa, piga picha ya karibu, viache pale pale. Bahari imekuwa ikiula ukingo huu kwa muda mrefu; ni sababu mojawapo ya eneo hili kuwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, na lilitolewa humo mwaka 2014 baada ya kuta za kinga kujengwa na magofu kukarabatiwa. Picha iliyopigwa hapa leo, ikiwa na tarehe na mahali alipokuwa amesimama mpigaji, inaweza kumfaa mtu atakayepima ukingo huo miaka ishirini ijayo. Weka kumbukumbu hizo. Hazigharimu kitu.

Kilwa Kivinje haina ufuko wa kuogelea. Ina tope, mikoko, na mji wa mawe uliochoka ambao karne ya 19 ulikuwa mwisho wa misafara ya watumwa na pembe kutoka Ziwa Nyasa. Wengi wanaipita. Kwangu, tope lake maji yakipwa asubuhi, lenye mistari ya maji ikipinda kuelekea majahazi yaliyolala ubavu, ni moja ya sura nzuri zaidi za safari nzima. Panda juu ya kitu chochote kirefu kidogo ili mistari hiyo ionekane, na vaa viatu usivyovionea huruma.

Kutoka Nangurukuru hadi Lindi ni mwendo wa mbuga, vilima na mito mikavu. Bahari inachungulia maeneo ya Mchinga, kisha ghafla ghuba ya Lindi inafunguka chini yako. Watalii husikitika kwamba pwani hii haina machweo ya baharini. Wakae Lindi jioni ya mwezi mpevu ndipo waseme. Wakati jua linazama nyuma ya mji, mwezi unatoka mbele yake, mwekundu na mkubwa, juu ya maji. Tena bahari, iliyojaa saa kumi, imeanza kupwa, na vyombo vinavyovusha watu kati ya Lindi na Kitunda vinapita katikati ya mwanga huo vikirudisha wa mwisho makwao.

Siri ni kuwahi kwa siku moja. Mwezi kumi na tano ukichomoza, kiza kimeshaingia: utapata duara jeupe juu ya weusi, au vyombo vinavyoonekana na mwezi uliochomwa na mwanga. Mwezi kumi na tatu au kumi na nne, unachomoza kabla jua halijaondoka, na anga na maji bado vina mwanga unaolingana na wake. Shata ya sehemu moja ya mia ya sekunde inatosha, bila stendi. Mahali pa kusimama napo panabadilika: Juni na Julai mwezi mpevu hutokea kusini mashariki, Desemba na Januari hutokea kaskazini mashariki. Kwa hiyo picha iliyopatikana mwezi mmoja haipatikani mwezi mwingine kutoka jiwe lile lile, na mtu wa Lindi akiifuata mwaka mzima atakuwa na kitabu.

Kwenye bandari hii hii, kati ya mwaka 1909 na 1913, wapagazi walileta mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kutoka Tendaguru, wakiibeba mabegani na vichwani, ikapakiwa melini kwenda Berlin, ambako mmoja wao amesimamishwa akiwa na kimo cha zaidi ya mita 13. Hakuna picha ya siku hizi inayoweza kuonyesha hilo. Lakini ukitembea ufukoni Lindi ukiwa unalijua, unaitazama gati kwa macho mengine.

Mikindani ni ghuba iliyojifumba, maji yake yametulia hata kusi linapovuma nje. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 liko mlimani, na mibuyu imesimama karibu na maji. Kwa kuwa ghuba imezungukwa na nchi, ukikaa upande wake wa mashariki unapata kile ambacho pwani nyingine ya kusini imekunyima: jua likizama ng'ambo ya maji, nyuma ya mitumbwi na mibuyu.

Mtwara mjini sitakaa nao sana, ila Shangani wakati wa bamvua usiikose. Saa nne asubuhi mwamba wote uko wazi, na wanawake wameenea juu yake na fimbo za chuma wakitafuta pweza kwenye mashimo, kanga zimefungwa juu ya magoti. Nguo zao nyekundu na njano ndizo rangi pekee katika uwanja wa kijivu na kijani. Usiwapige kwa lenzi ndefu ukiwa umejificha juu. Vua viatu au vaa ndara ngumu, shuka, salimia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Unapiga nini huku kwenye mawe?"

"Nilitaka kukupiga wewe na pweza wako, ukiniruhusu."

Alinitazama, akatazama kanga yake iliyolowa. "Mimi hapana. Mpige pweza."

Akamnyanyua juu, mikia minane imejiviringisha kwenye mkono wake hadi kiwiko. Nikapiga mkono na pweza, mbingu nyuma yake. Mkono ule, wenye makovu ya matumbawe na bangili moja ya fedha, unasema habari za mwamba huu kuliko sura yoyote. Kisha akamtupa chini na kuanza kumpiga kwenye jiwe ili alainike, na akaniambia niondoke mapema, maji yakigeuka mwamba huu huzungukwa kutoka nyuma. Ni neno la kuzingatia: bamvua inarudi kwa haraka kama ilivyoondoka, na mwenye jicho kwenye kamera huwa wa mwisho kuona miguu yake imelowa.

Mambo ya vifaa ni machache. Usibadili lenzi ufukoni. Chumvi na mchanga mwembamba havitoki tena ndani ya kamera. Futa kioo kila baada ya muda, maana kusi hubeba unyevu wa chumvi usioonekana mpaka uangalie picha nyumbani. Osha stendi kwa maji baridi jioni. Droni ina vibali vyake, usiirushe kwa mazoea, na bandari, madaraja makubwa na vituo vya ulinzi havipigwi picha bila ruhusa.

Halafu Msimbati. Unatoka Mtwara kwa njia inayopita Madimba, kwenye mitambo ya gesi, maana gesi iligunduliwa katika Mnazi Bay mwaka 1982 na sasa inasafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam. Eneo hili ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, pamoja na mdomo wa Ruvuma, na utalipa kiingilio. Kisha minazi inaachana na ufuko unatokea, mrefu, mweupe, na mgumu kiasi kwamba maji yakipwa magari hupita juu yake. Kinachoitofautisha Msimbati ni kina. Hakuna uwanda mpana wa mwamba mbele yake. Hatua chache tu kutoka mchangani, samawati inageuka buluu nzito. Hesabu yote ya saa nne na saa kumi niliyoieleza inalegea hapa. Bahari iko pale wakati wote, na rangi hizo mbili zimekaa bega kwa bega, mpaka wake umenyooka. Kati ya Julai na Novemba nyangumi wenye nundu hupita njia hii na watoto wao. Ukiona pumzi yao ikirushwa juu, acha lenzi pana na uchukue ndefu, na uongeze kasi ya shata kabla ya kitu kingine chochote.

Kama nikiulizwa mwezi wa kwenda, nasema Oktoba. Kusi limepungua, ni majira ya tangambili na maji yametulia. Mvua za Lindi na Mtwara bado hazijaanza. Katikati ya mwezi huo jua la adhuhuri linapita karibu kabisa juu ya utosi katika latitudo hii, na bahari haipati mwanga mwingi zaidi ya huo. Nyangumi nao hawajaondoka. Halafu angalia mwezi wa angani. Toka Dar es Salaam mwezi saba, maji mafu yakukute Kilwa: asubuhi samawati ya Masoko Pwani, alasiri Gereza. Ingia Lindi mwezi kumi na tatu. Siku mbili tatu baadaye bamvua itakuwa imeifungua Shangani, na kina mama watakuwa wameshashuka mwambani. Kwa Msimbati, jaza mafuta Mtwara, na punguza upepo kwenye matairi kabla hujaingia mchangani.